Re: Usaili mara tano, mara tano nimeachwa. Wa sita naingiaje kifua mbele?

Pole sana mdogo wangu. Mimi nilikaa mtaani miezi 14 baada ya chuo, na kilichonimaliza ni kushinda nafungua Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi za serikali, kila saa kama naangalia mkeka wa kubeti. Nikaacha. Nikawa naingia asubuhi mara moja, naomba ninachostahili, nafunga. Mchana nipo dukani kwa shangazi, napiga mahesabu ya stoo. Hela ilikuwa ya nauli tu, ila nilikuwa naamka nina pa kwenda, na kwenye usaili wa ana kwa ana nikapata la kusimulia badala ya majibu ya kukariri.

Halafu kuitwa tu kwenye usaili maana yake karatasi zako ziko sawa. Na kwa Sekretarieti ya Ajira, wanaosaili watu wa kazi za serikali, ukifaulu nafasi zikawa zimejaa, jina huingia kanzidata, yaani orodha yao ya waliofaulu, na wapo wanaopangiwa vituo baadaye. Kwa hiyo angalia alama zako kabla hujajiita umefeli.

Wale wa "vipi, bado tu?" wajibu "bado", upite zako.

Huo wa sita ni lini, na ni kada gani?