Je, Kenya kuifunga Morocco kunamaanisha pengo limezibwa?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ushindi wa Harambee Stars wa bao 1-0 dhidi ya Morocco pale Kasarani, katika fainali za CHAN (mashindano ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani) za Agosti 2025, unaonyesha kwamba timu za Afrika Mashariki zimeshaifikia Morocco, na kama ndivyo, kwa nini orodha ya viwango vya FIFA bado inatuweka mbali nayo. Kwa maoni yangu hatujaifikia, ingawa ushindi ule ulikuwa halali na ulistahili shangwe zote ulizopata. Nitatumia zaidi mechi za Tanzania na Morocco, kwa kuwa ndizo nilizozifuatilia kwa karibu, baadhi yake nikiwa jukwaani, na kwa kuwa timu hizi zimekutana mara nyingi kiasi cha kutupa kipimo kinachoaminika kuliko mechi moja.

Wengi wamesahau kwamba Machi 2013 Taifa Stars iliifunga Morocco mabao 3-1 jijini Dar es Salaam, katika uwanja ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2014. Mbwana Samatta alifunga mawili na Thomas Ulimwengu moja, wote wawili wakiwa wachezaji wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Morocco ile ilikuwa imetoka kutolewa katika hatua ya makundi ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), na ingawa ilitulipizia 2-1 Marrakech mwezi Juni, sote wawili tulibaki nyumbani na Ivory Coast ikaenda Brazil. Naamini matokeo yale hayakudanganya: pengo la wakati ule lilikuwa dogo kweli. Miaka tisa baadaye Morocco ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia nchini Qatar.

Sasa tazama mfululizo wa karibuni. Novemba 2023 walitufunga 2-0 Dar es Salaam. Januari 2024, kwenye AFCON, walitufunga 3-0 San-Pédro, Ivory Coast. Machi 2025 wakatufunga 2-0 Oujda, na Agosti mwaka huohuo wakatutoa kwa bao 1-0 katika robo fainali ya CHAN, tena kwenye uwanja wetu. Ukisoma mabao peke yake utadhani San-Pédro ndiko tulikozidiwa zaidi, lakini hadi Novatus Miroshi anatolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 70 tulikuwa nyuma kwa bao moja tu, na mawili yaliyofuata yaliingia tukiwa kumi. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba katika mechi zote nne hatukupata hata bao moja. Timu inayofungwa 3-2 ina njia ya kulifikia lango la mpinzani. Timu isiyofunga kabisa bado haijaipata njia hiyo, hata ikipoteza kwa tofauti ndogo.

Kuhusu CHAN yenyewe, tukumbuke kwamba inaruhusu wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao tu. Morocco iliyofungwa Kasarani haikuwa na nyota wake wanaocheza nje, kama Achraf Hakimi na Yassine Bounou, na katika kikosi cha wachezaji 26 waliokwenda Qatar, 14 walizaliwa nje ya Morocco. Kwa hiyo mashindano yale hulinganisha ligi za ndani, jambo lenye thamani yake, lakini si sawa na kulinganisha timu kamili za taifa. Isitoshe, ukijaribu kupanga ubora kwa kufuata nani alimshinda nani katika CHAN ile, utazunguka duara: Tanzania iliifunga Madagascar 2-1, Madagascar ikaitoa Kenya kwa mikwaju ya penalti, Kenya ilikuwa imeifunga Morocco, na Morocco ikaitoa Tanzania kisha ikatwaa kombe kwa kuifunga Madagascar 3-2. Hakuna hitimisho la haki linaloweza kutoka humo bila kuangalia miaka mingi zaidi.

Orodha ya FIFA nayo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Tangu Agosti 2018, kila mechi huipa timu au kuinyang'anya pointi kulingana na matokeo yaliyotarajiwa na uzito wa mechi yenyewe. Mechi ya kirafiki ndani ya kalenda ya FIFA ina uzito wa 10, ya kufuzu 25, ya fainali za bara 35 au 40, na ya Kombe la Dunia 50 au 60. Nilipokaa na kalamu kuupiga hesabu mfumo huu nilielewa mengi. Timu iliyozidiwa pointi 500 ikitoka sare katika mechi ya kufuzu hupata takriban pointi 9.3, ambazo ni nyingi kuliko 8.7 ambazo ingepata kwa kumshinda mpinzani huyohuyo katika mechi ya kirafiki. Anayetaka kupanda, basi, apande kwenye mashindano.

Mfumo wa zamani ulichukua wastani wa pointi za mechi, na mechi za kirafiki zikaushusha, hivyo Poland ikapunguza kuzicheza na ikaingia chungu cha kwanza (kundi la timu zenye viwango vya juu) cha droo ya Kombe la Dunia la 2018. Huko Urusi ilifungwa na Senegal 2-1 na kumaliza mkiani mwa kundi lake. Hata mfumo mpya haukuizuia Ubelgiji kukaa kileleni tangu 2018 hadi Machi 2022 bila kutwaa kombe lolote, kisha kutolewa makundi huko Qatar baada ya kufungwa 2-0 na Morocco hiyohiyo.

Kuna tatizo jingine ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha hapa. Tangu Ulaya ianzishe Ligi ya Mataifa mwaka 2018, nafasi nyingi za mechi za kirafiki zimejazwa na mechi za wao kwa wao, na timu za Afrika hukutana nao mara chache nje ya Kombe la Dunia. Pointi huzunguka ndani ya bara, na ulinganisho wa mabara hutegemea mechi chache za kila miaka minne. Mwaka 2022 timu zote tano za Afrika zilishinda angalau mechi moja. Hata hivyo, Tunisia iliifunga Ufaransa, na Cameroon ikaifunga Brazil, wakati vigogo hao walikuwa wameshafuzu na wamepumzisha nyota wengi. Morocco ndiyo iliyowatoa Hispania na Ureno katika mechi za mtoano, mpinzani akiwa na kila sababu ya kushinda, na hadi inakutana na Ufaransa ilikuwa imeruhusu bao moja tu, tena la kujifunga. Ushindi wa namna hiyo naupa uzito mkubwa kuliko wowote.

Kwa maoni yangu pengo lenyewe linaanzia kwenye malezi ya vijana. Wachezaji wa Morocco Nayef Aguerd, Azzedine Ounahi na Youssef En-Nesyri walipita katika akademi ya soka ya Mohammed VI nchini kwao. Oktoba 2025 Morocco ilitwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 huko Chile kwa kuifunga Argentina 2-0. Mimi hufundisha vijana wa chini ya miaka 17 wilayani kwetu, na wapo wenye miguu mizuri isiyopungukiwa na ya mtoto wa Salé au Casablanca. Wakishamaliza mashindano ya shule, hukaa miezi bila mechi hata moja ya ushindani, na wengi wao wakifika miaka 19 wameshaacha mpira na kutafuta kazi.