Kompyuta ya kizamani inawaka lakini skrini ni giza: maswali yenu

Wiki hii ni zamu ya wale mna kompyuta za miaka ya 80 zimelala chini ya kitanda.

Fundi, anko wangu aliyekaa Uingereza aliniachia Commodore 64. Taa nyekundu inawaka lakini TV ni giza tu. Imekufa? (Kondele, Kisumu)

Tulia kwanza, usikimbilie kung'oa chip. Adapta yake hutoa stima mbili, volti 5 DC na volti 9 AC, na ile taa inakula ya 5 peke yake, so taa inaweza kuwaka vizuri na ile ya 9 haifiki popote. Na kwa bodi za kwanza chip ya picha hupata stima yake kutoka kwa hiyo 9. Chomoa kila kitu, fungua, ndani kuna fyuzi ndogo ya kioo karibu na swichi, ipime na multimita. Mara nyingi shida ni hiyo tu, kitu cha shilingi chache.

Halafu pima adapta yenyewe kabla hujairudisha. Zile za zamani zikiharibika volti 5 hupanda na RAM, yaani chip za memori, ndiyo huungua. Ikisoma 5.3 kwenda juu, weka kando kabisa, na hata ikisoma sawa mimi siiamini, tafuta mpya. Niliua mashine moja hivyo, nilikuwa na haraka ya kucheza gemu, skrini ikajaa herufi za ajabu ajabu halafu kimya.

Ukishamaliza, washa na uhesabu sekunde tatu hivi, maana huwa inakagua RAM kwanza. Ikiwa nzima utaona rangi ya bluu na maneno 38911 BASIC BYTES FREE. Bado giza? Sasa shuku chip inaitwa PLA, ile inayopanga chip gani ifanye kazi saa gani, kisha RAM.

ZX Spectrum yangu nimeunganisha na dekoda na haionyeshi kitu. (Section 58, Nakuru)

Ndugu yangu, dekoda inaelewa dijitali peke yake! Spectrum inatoa analogi, ile ile tuliyozimiwa hapa Kenya 2015. Toa dekoda katikati, waya wa aerial uingie moja kwa moja kwa TV, kwa menyu chagua analogi, kisha tafuta UHF karibu na chaneli 36. TV nyingi za flati bado zina tyuna hiyo, zingine hazina. Sauti isikusumbue, kama ni ile ya 48K spika iko ndani ya kompyuta yenyewe. Picha ikija na chengachenga, sugua ile plagi kwanza.

Shemeji alileta kompyuta kutoka Marekani, picha inapanda juu kama lifti na haina rangi. (Kakamega)

Hiyo ni NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, picha 60 kwa sekunde, na TV yako inangoja PAL, mfumo wetu, ya 50. Tumia waya ya AV na TV inayokubali zote mbili, flati nyingi za siku hizi zinakubali. Lakini dada, swali langu ni moja: uliichomeka wapi? Adapta ya huko ni ya volti 120 na stima yetu ni 240. Kama hukutumia transfoma ya kushusha na bado inawaka, basi una bahati kuliko mimi.

BBC Micro inaonyesha nyeusi na nyeupe tu kwa waya ya video. (Mumias)

Sio ugonjwa, ilitoka kiwandani hivyo. Kuna kiungo kidogo kwa bodi cha kuruhusu rangi, fundi wa kuchomea waya kwa bodi atakifunga dakika tano. Akiwa hapo ndani abadilishe pia zile kapasita za kahawia zenye nyufa kwa pawa saplai, zikipasuka moshi wake hautoki kwa mapazia wiki nzima.

Naweza kufungua TV ya kichogo nitafute shida mwenyewe? (Kibuye)

Hapana. Ile skrini hushika maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa. Mpelekee fundi wa TV.