Mama anasahau baada ya upasuaji wa moyo: akili itarudi?

SWALI: Mama yangu ana miaka 71. Wiki tatu zilizopita alifanyiwa baipasi ya mishipa ya moyo. Siku za mwanzo wodini alikuwa akiona wadudu ukutani. Hayo yameisha, ila sasa anauliza jambo lilelile mara tatu na usiku halali. Je, atarudi kama zamani? Tumpe Piriton apate usingizi?

JIBU: Piriton hapana. Inazuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea katika kukumbuka, na kwa mzee inaweza kuleta kuchanganyikiwa na hata kuziba mkojo. Amitriptilini, dawa ya sonona ambayo wengine huinywa ili walale, ni hivyohivyo. Valium, dawa ya kutuliza, humwongezea hatari ya kuanguka. Lakini kama alikuwa akiimeza kila siku kabla ya upasuaji, msimkatishe ghafla, mwelezeni daktari.

Wale wadudu walikuwa deliriamu: ubongo kuvurugika kwa muda kutokana na upasuaji wenyewe, maumivu, dawa na kukosa usingizi. Kilichobaki ni kitu kingine, uzito wa kumbukumbu na umakini, na huo hupungua kwa miezi. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliotoka 2001, waliopimwa na kuonekana wameshuka uwezo wa akili baada ya baipasi walikuwa asilimia 53 wakati wa kuruhusiwa, 36 baada ya wiki sita, na 24 baada ya miezi sita. Kwa hiyo wiki tatu bado ni mapema mno kumhukumu mama.

Anzeni na usingizi. Asubuhi akae nje kwenye mwanga. Mchana asinzie nusu saa tu, kabla ya saa tisa. Angalieni saa ya dawa ya kutoa maji (furosemaidi): ikinywewa jioni, atashinda chooni usiku kucha. Muulizeni daktari kama dozi ya pili inaweza kuwa saa nane mchana. Kidonda cha kifua kikiuma akilala, hilo nalo litibiwe. Miwani avae, na asikae siku bila kupata choo.

Kumpima, msimtajishe siku za wiki kinyumenyume. Kwa Kiswahili Jumatano, Jumanne, Jumatatu ni kuhesabu tu. Mpeni hesabu ya dukani: ana 10,000, kanunua sukari ya 3,200, kisha maziwa ya 1,800, imebaki ngapi? Andikeni jibu na tarehe, mrudie kila baada ya wiki mbili kwa bei tofauti. Daktari atafaidika zaidi na daftari hilo kuliko na neno "anasahau".

Akichanganyikiwa upya ghafla, au akitulia kupita kiasi na kusinzia mchana kutwa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo: huenda ni maambukizi au chumvi ya damu imeshuka. Wengi hukosea hapo, husema "mzee anapumzika". Mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama ni dalili za kiharusi. Msingoje hata saa moja. Vivyo hivyo akigonga kichwa huku anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.