Fanksheni ya vipande: anza na sharti, fomula baadaye

Wengi wanaokosa swali la fanksheni ya vipande, yaani fanksheni yenye fomula tofauti kwa sehemu tofauti za x, wanajua hesabu yake vizuri. Wanachokosea ni kukimbilia fomula kabla ya kusoma sharti lililo pembeni yake.

Chukua hii:

f(x) = x + 4, ikiwa x < −1
f(x) = x², ikiwa −1 ≤ x < 2
f(x) = 6 − x, ikiwa x ≥ 2

Ukiulizwa f(−3), usiiweke −3 kwenye fomula zote tatu. Jiulize kwanza −3 inaangukia wapi. Ni ndogo kuliko −1, basi ni mstari wa kwanza: −3 + 4 = 1. Hizo nyingine mbili hazihusiki kabisa.

Penye mpaka ndipo alama nyingi hupotelea. f(−1) ni ya nani? Alama ≤ ipo kwenye mstari wa pili, kwa hiyo jibu ni (−1)² = 1. Weka mabano, maana kikokotoo ukikiandikia −1² bila mabano, vingi hutoa −1.

Kwenye grafu, tengenezea kila kipande jedwali lake, na thamani ya mpaka iwemo hata kama kipande hakiimiliki. Kipande cha kwanza: x = −3, −2, −1 hutoa 1, 2, 3. Nukta (−1, 3) ichore kama kiduara kitupu, kuonyesha kwamba haimo kwenye kipande hiki, kisha vuta mstari kuelekea kushoto na umalizie kwa mshale. Cha pili kinaanza na kiduara kilichojazwa (−1, 1), kinashuka hadi (0, 0), kinapanda hadi (2, 4). Usichore parabola (mkunjo wa x²) nzima! Hapo kwenye (2, 4) kiduara ni kitupu, lakini kipande cha tatu kinaanzia papo hapo kwa kiduara kilichojazwa, hivyo pengo linazibika. Kwenye −1 grafu inaruka, na isiunganishwe kwa mstari wa wima, kwani x moja ingepata thamani nyingi.

Swali likigeuzwa, yaani f(x) = 3, sasa fomula zote zinahusika, ila kila jibu lipimwe kwa sharti lake. x + 4 = 3 inatoa −1, ambayo si ndogo kuliko −1; itupe. x² = 3 inatoa takriban 1.73 na −1.73, ya pili iko nje ya mpaka. 6 − x = 3 inatoa 3, inakubalika. Majibu ni mawili: √3 na 3.