Muhula Mmoja, Malighafi Moja: Niliyojifunza Katika Kufundisha Kazi za Mikono Darasa la Tano

Kwa miaka kadhaa nilifundisha kazi za mikono kwa mtindo wa kurukaruka: wiki hii kadi za salamu, wiki ijayo maua ya karatasi, wiki inayofuata kinyago cha boksi. Kila Ijumaa niliandika ubaoni vitu vya kuleta, yaani manila, gundi, rangi za maji na mkasi. Jumatatu ikifika, kati ya wanafunzi 68, waliokuja na vitu kamili hawakuzidi kumi. Waliobaki waligawana vipande au walikaa wakiwatazama wenzao. Siku moja mzazi mmoja alinifuata ofisini akiwa na kipande cha manila kilichokunjwa vizuri, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hii ya wiki iliyopita mmetumia robo tu. Hamwezi kuendelea na iliyobaki?" Sikuwa na jibu la kumpa, na swali lake ndilo lililonifanya nibadili utaratibu mzima.

Tangu hapo ninachagua malighafi moja, inayopatikana bila kununuliwa karibu na shule, nami ninakaa nayo muhula mzima. Mwanzoni niliogopa kwamba watoto watachoka, lakini niligundua kwamba aliyekuwa akichoka ni mimi. Mkono wa mtoto wa miaka kumi unahitaji kama wiki tatu ili uache kupigana na kitu ulichokishika, na ni baada ya hapo tu ndipo anapoanza kujaribu mambo yake mwenyewe. Katika mtindo wa zamani nilikuwa nikiwanyang'anya kitu pale pale kilipoanza kuwatii.

Kwetu, katika pwani ya Tanga, malighafi hiyo ilikuwa miyaa, yaani majani ya miti ya jamii ya mtende, kwa sababu karibu kila nyumba kuna mtu anayesuka, au aliyewahi kusuka, ukili, yaani utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Mwenzangu aliyeko Iringa ana nyasi za milulu zinazotengenezewa vile vikapu vinavyojulikana nchi nzima. Aliyeko Kyela ana udongo ambao Wakisi wameufinyanga kwa vizazi vingi kando ya Ziwa Nyasa. Aliyeko Bukoba ana maganda ya mgomba. Na penye mashamba ya mkonge pana katani. Hata Edward Said Tingatinga, alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyokuwa karibu naye. Mwalimu anayesema hana vifaa namwelewa, kwani nilisema hivyo hivyo kwa miaka mingi, lakini mara nyingi anakuwa amevitafuta dukani kwanza.

Miyaa hukatwa ikiwa bado changa, kabla jani halijachanua, kisha huanikwa juani hadi iwe nyeupe. Tulikubaliana na wenye mashamba kwamba tutachukua jani moja tu kwa kila mti na kutogusa kilele, maana mti ukijeruhiwa hapo hufa. Kuchana majani kuwa chane niliwaachia watoto wenyewe, kwa ukucha au kwa ncha ya msumari butu. Visu na nyembe havikuingia darasani kabisa. Kabla ya kusuka, chane hunyunyiziwa maji ili zisikatike, na hapa ndipo tulipopata hasara ya kwanza. Niliwaambia waziloweke kwenye ndoo usiku kucha, nikidhani kwamba zikilainika zaidi ndivyo bora. Ukili uliosukwa siku ile ulionekana umekaza vizuri, lakini ulipokauka chane zilisinyaa na kuacha matundu yanayopitisha kidole. Kitambaa chenye unyevu, kikifunikwa juu ya chane kwa robo saa, kinatosha.

Mimi mwenyewe nilisuka vibaya, kwa hiyo nilimwomba bibi wa mmoja wa wanafunzi aje atufundishe. Ningemshauri kila mwalimu afanye hivyo, hata akiwa fundi. Siku ya kwanza bibi alipoingia, darasa zima lilisimama na kumwamkia, akaitikia "Marahaba, wajukuu zangu," kisha akavua viatu, akaketi sakafuni, akabana chane tatu kwenye kidole gumba cha mguu na kuanza kusuka bila maelezo yoyote. Watoto walimzunguka kimya. Baada ya kama dakika kumi alisimama akawaambia kila mmoja atafute kidole chake. Nilipoinama kumsaidia mvulana mmoja aliyekwama, bibi aliniita pembeni. "Mwanangu, usimshike mkono. Ukimshika mkono, ukili huo utakuwa wako." Tangu siku ile nimejizuia kugusa kazi ya mwanafunzi. Akikwama nasuka wangu mbele yake, polepole, kisha naufumua naye akitazama.

Kulikuwa pia na msichana anayetumia mkono wa kushoto, ambaye kwa vipindi viwili hakuweza kusuka hata shibiri moja. Nilidhani hana subira. Bibi alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu anasuka kwa kushoto. Mkalishe mbele yangu tutazamane, asikae ubavuni pangu." Akikaa kwa kutazamana na fundi, mtoto wa kushoto huona mikono ya fundi kama anavyojiona kwenye kioo, na hahitaji tena kugeuza kila hatua kichwani. Kipindi kile kile alimaliza pima nzima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa.

Tulianza na chane tatu, kwa kuwa ndiyo mkono wa kusuka nywele na wasichana wengi waliujua. Wavulana walijitetea kwamba si kazi yao, hadi mmoja wao, mtoto wa mvuvi aliyezoea kutengeneza nyavu na baba yake, alipowapita wote kwa kukaza. Sehemu ngumu ni kuunga. Chane ikikaribia kuisha, mpya hulazwa chini yake kwa kiasi cha vidole vinne, zikasukwa pamoja, kisha mkia hupunguzwa baadaye. Aliyewahi kusukwa kwa rasta huelewa haraka. Asiyewahi, mwache aunge vibaya mara mbili au tatu, ukili wake ukatike mkononi. Atauliza mwenyewe.

Jambo jingine lililobadilisha kazi yetu ni kuamua mapema kitu kitakachotokana na ukili ule. Tulichagua kimkeka cha kuwekea sahani, chenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30. Ukili wetu wa chane tatu ulikuwa na upana wa sentimita 2, kwa hiyo zilihitajika safu 10 za sentimita 30 kila moja, yaani mita 3 kamili, na tukaongeza nusu mita kwa ajili ya kupunguza ncha. Hesabu hiyo waliifanya wao ubaoni. Nyumbani ukili hupimwa kwa pima, na hilo likazua mjadala mkali, kwa sababu pima ya mfupi darasani ilikuwa sentimita 128 na ya mrefu sentimita 152. Mrefu alidai kwamba anaonewa, kwani pima zake mbili zilikuwa karibu na mita 3 ilhali za mwenzake zilipita kidogo tu mita 2 na nusu. Sijawahi kupata njia nyepesi zaidi ya kueleza kwa nini watu walikubaliana kutumia mita.

Mjadala huo ulinisaidia pia kwa wazazi. Mama mmoja, ambaye husuka ukili usiku ili auze, aliniambia waziwazi, "Mimi nimemleta mtoto shule ili asisuke kama mimi." Nilimwonyesha daftari la mwanawe lenye michoro na hesabu za eneo, nikamweleza kwamba kipindi ni dakika 80 tu kwa wiki. Hakufurahi sana, ila hakumzuia mtoto, na hofu yake naiona ni ya haki. Kwa sababu hiyo kazi za watoto haziuzwi kuchangia mfuko wa shule, hata mara moja. Kila kimkeka kinakwenda nyumbani na aliyekisuka.

Kuhusu rangi nitakuwa mfupi. Unga wa rangi ya mikeka unahitaji maji yanayochemka, nami siruhusu sufuria ya moto katikati ya watoto 68, kwa hiyo tulichemshia bizari nyumbani kwangu. Manjano yake ilipendeza kwa wiki moja, kisha jua la dirishani likaifuta. Sasa vimkeka tunaviacha vyeupe, na anayetaka urembo hushonea pindo la kanga chakavu, ambalo pia huzificha ncha. Ushonaji ulifanywa kwa shazia, yaani sindano kubwa ya kushonea mikeka, moja kwa kila kundi la watoto sita au saba, na shazia zote 11 nilizihesabu kabla na baada ya kipindi.

Alama sizitoi kwa uzuri. Natazama mambo matatu tu: upana wa ukili haubadilikibadiliki, maungio hayafumuki nikiyavuta, na mwanafunzi anaweza kunionyesha mahali alipokosea na alivyorekebisha. Kimkeka kilichopinda upande mmoja kimewahi kupata alama za juu kuliko kilichonyooka, kwa sababu mwenye kilichonyooka alishindwa kunieleza jinsi alivyounga, na baadaye nilibaini kwamba shangazi yake alikuwa amemsaidia.

Muhula ujao tutashika udongo. Tayari nimewatuma watoto walete donge moja kila mmoja kutoka popote wanapochimba, ili tulipime kwa kulifinya liwe kama kamba nyembamba na kulizungusha kwenye kidole. Linalopasuka tutalirudisha shambani, na lisilopasuka aliyelileta atatuongoza hadi lilikotoka.