Nguzo ikihama, daftari linaharibika

Mto Nzoia unapita nyuma ya boma letu hapa Budalang'i, magharibi mwa Kenya, na tangu 2012 nimekuwa nikiuandikia rejista kama mwalimu wa zamu. Nguzo yenye mistari ya rangi kila sentimita kumi, daftari, kalamu. Asubuhi saa moja, jioni saa kumi na mbili, naandika maji yamefika mstari gani.

Mafuriko ya 2020 yaling'oa ile nguzo. Maji yalipopungua nikachimbia nyingine, hatua chache kutoka pale, nikaendelea kuandika. Kosa hilo linaniuma mpaka leo. Sifuri ya nguzo mpya iko juu ya ile ya zamani au chini yake? Hakuna ajuaye. Nina miaka minane ya mto mmoja, na mingine ya mto mwingine.

Kwa hivyo ukitaka kuanza, usianze na nguzo. Tafuta kitu ambacho maji hayatakibeba, kama zege la daraja au msingi wa kanisa, ukichonge alama kwa patasi. Mwite fundi wa nyumba aje na hospaipu yake ya kusawazishia (ile ya kujaza maji), mpime sifuri ya nguzo iko chini ya alama kwa kiasi gani, na mwandike hilo ukurasa wa kwanza. (Fundi wangu alitaka soda tu.) Nguzo ikienda na maji, unarudi kwenye alama.

Siku kavu pia ziandike. Na siku usiyopima usiweke sifuri wala kistari; andika "sikupima".

Jirani aliniuliza haya yote ni ya nini. Nikampa habari ya Japani. Januari 1700 bahari iliingia vijijini huko bila mtu kuhisi tetemeko. Makarani wakaandika siku, saa na mahali maji yalipofika, basi. Karibu miaka 300 baadaye wanasayansi wakalinganisha maandishi hayo na misitu iliyozama pwani ya magharibi ya Marekani, wakajua tsunami ile ilitoka huko, kwa tetemeko la usiku wa tarehe 26. Leo miji ya pwani hiyo ina mabango ya njia za kukimbilia.

Nakala za madaftari yangu ziko kwa dada yangu Kisumu. Daftari la mafuriko halikai peke yake kwenye nyumba ya mafuriko.

Siku hizi anayepima ni kijana wa jirani. Juzi nilifungua ukurasa wake: "Sikupima. Malaria."