Maswali ya Wasomaji, mwaka 2022: Jubilei ya Malkia kijijini kwetu, niende na nini?

SWALI: Anti shikamoo. Mi dada wa Unguja, niko Uingereza kijijini huku Suffolk mwaka wa pili sasa. Juzi nimekuta karatasi imesukumwa chini ya mlango, eti Jumapili tarehe 5 Juni kijiji kizima kinakula pamoja uwanja wa nyuma ya ukumbi, Malkia Elizabeth wa Pili katimiza miaka 70 ya ufalme, kila nyumba ilete chakula cha kugawana na ije na viti vyake. Viti vyetu wenyewe! Mume wangu hataki kusikia, anasema hakuja huku kumpigia makofi mkoloni. Mi nataka kwenda maana hapa hatujuani na mtu zaidi ya kuambiana mvua inakuja. Nipeleke nini? Halafu mbona nasikia ufalme aliupata Februari, sherehe inakuwaje Juni?
Mama Wawili, Suffolk

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nenda.

Hiyo ya Februari ni kweli kabisa. Baba yake, Mfalme George VI, alifariki tarehe 6 Februari 1952 na habari ikamkuta binti yuko Kenya, pale Sagana karibu na Nyeri, katoka kulala Treetops kwenye hoteli ya juu ya mti akiangalia wanyama. Kwa hiyo siku aliyopata kiti ndo siku aliyofiwa na baba, si siku ya kupiga vigelegele, na halafu Februari ya huko unaijua mwenyewe, nani akae nje ale keki na baridi ile? Taji alivikwa tarehe 2 Juni 1953, basi Juni imewafaa. Mwaka huu wa 2022 sikukuu ya mwisho wa Mei wameisogeza mpaka Alhamisi tarehe 2 Juni wakaongeza na Ijumaa, ukiunganisha na wikiendi ni siku 4. Alhamisi saa nne kasorobo usiku mioto ya sherehe zaidi ya 1,500 itawashwa nchi nzima, kama na kijijini kwenu utawashwa wapeleke watoto, ila ujue watalala saa tano na kesho yake watakusumbua.

Sasa shemeji yangu. Mwambie hivi, ile bustani ya Forodhani kwetu Unguja ilipotengenezwa mwaka 1936 iliitwa Jubilee Gardens, kwa ajili ya miaka 25 ya Sultani wetu Sayyid Khalifa bin Haroub kwenye kiti, na mpaka leo watu wanakula urojo pale hakuna anayejiuliza kama anampigia makofi Sultani. Na si kwamba Waingereza wote wanaupenda ufalme, nilipokuwa naishi huko jirani yangu alikuwa anataka nchi iwe jamhuri na bado ndo alikuwa wa kwanza kufika na meza. Wimbo wa taifa ukipigwa asimame tu kwa adabu, hakuna atakayemkagua mdomo. Akikataa kabisa muache nyumbani, wewe nenda na wanao.

Chakula: usipeleke pilau. Najua moyo unakutuma huko lakini fikiria mtu kasimama, mkono mmoja sahani ya karatasi mkono wa pili glasi, hiyo nyama yenye mfupa ataishikia wapi? Sambusa ndogo ndogo, katlesi, visheti, kitu cha kushika na vidole viwili kikaisha. Na uweke kikaratasi pembeni uandike ndani kuna nini, ngano, karanga, maziwa, pilipili, maana wenzetu wana aleji za kila aina na sinia lisilo na maelezo linarudi kama lilivyokwenda. Mi mwaka 2012, jubilei ya miaka 60, nilipeleka bajia za pilipili sikumwambia mtu, babu mmoja wa kwaya akatafuna moja akawa mwekundu mpaka masikio, akanywa maji glasi mbili, kisha namuona huyo anarudi kuchukua nyingine.

Wewe mwenyewe angalia zile soseji zilizoviringishwa kwenye unga, ni nguruwe. Utakutana pia na sandwichi ya kuku wa njano, huyo walimbuni mwaka 1953 kwa ajili ya karamu ya taji, kuku baridi na mayonezi na bizari ya unga, kwa ulimi wa Unguja ni kama mchuzi uliosahauliwa friji lakini onja.

Na mvua ikija usikimbilie nyumbani. Ile 2012 ilitunyeshea tukabeba meza zote kuingia ukumbini, kofia za karatasi za bendera zikawachuruzikia watu rangi ya bluu kwenye paji la uso, mi nikajikuta jikoni naosha vikombe na akina mama wanne ambao miaka mitatu nzima walikuwa wananipungia mkono tu. Siku ile ndo waliniuliza jina, wakaniuliza tena mpaka wakaweza kulitamka. Kwa hiyo fika mapema kupanga viti, na kitambaa cha kufutia vyombo ukakishike mwenyewe usingoje kuombwa.

SWALI: Anti, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee hapa Uingereza. Meneja anasema Ijumaa tarehe 3 Juni nije zamu kama kawaida. Si ni sikukuu?
Zamu ya Asubuhi

JIBU: Ni sikukuu lakini sheria ya huko haikupi haki ya kupumzika siku ya sikukuu, kila kitu kiko kwenye mkataba wako. Kama umeandikwa likizo siku 28 zikiwemo sikukuu, hiyo ya ziada si yako. Kama umeandikwa siku 20 na sikukuu zote juu yake, hapo mkumbushe meneja, kwa upole na kwa maandishi. Ikibidi uende, ukiwapa chai waulize wazee wako siku ya taji mwaka 1953 walikuwa wapi, wengi watakuambia walijazana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni.